Kuitikia kwa Kifaransa Kutoka Omoni

Mama yangu alilima mpunga bondeni, na sisi watoto wake tulipandishwa dunguni kufukuza ndege. Kwa asiyelijua, dungu ni kibanda cha miti kilichosimamishwa shambani juu ya miguu mirefu, ili maji yakipanda yasikukute, na nguruwe akija msionane uso kwa uso. Unakaa huko juu na kombeo, na debe bovu la kugonga. Kazi yenyewe ni kupiga kelele. Asubuhi si taabu, mtoto ana nguvu zake. Taabu ni mchana baada ya kula, jua limesimama, upepo hakuna, usingizi unapanda ile ngazi kama mwenye dungu.

Mama alikuwa na sheria moja. Dungu la jirani likiita, letu lazima lirudishe neno lile lile. Bi Mwanaidi wa shamba la pili akiita "Hooo, kwelea hao!" na mimi niite "Hooo, kwelea hao!" Si "haya," wala si "nimesikia." Neno lile lile. Mama alisema "haya" hata mtu aliyelala anaweza kuitamka, na ni kweli, nimeitamka sana nimelala. Bali neno la mwenzako, kulirudisha kama lilivyo, kunamtaka mtu awe macho. Dungu lisiporudisha neno, mama aliacha jembe akaja, na hakuwa anakuja kuuliza hali.

Sikujua kama ile ndiyo shule yangu. Ile ya serikali niliishia darasa la nne, maji yalipokula njia. Chuoni kwa maalimu, kwenye Kurani, nilikaa zaidi, nikasoma kwa fimbo, na kuna herufi moja ya chuoni ilikuja kunifaa ukubwani. Nitaifikia.

Ninayaandika haya kwa sababu Rukia, binti niliyefanya naye kazi botini, alikuja nyumbani akaniambia, "Babu, andika, hawa wapya hawajui mambo yalianzaje." Basi nyinyi wapya mnaoshika omo, mbele ya chombo, sasa, haya ni yenu. Habari za kupandishwa cheo sitaziandika, hazitajaza hata mstari.

Kazi ya majini nilianza kwa kubeba magunia ya mpunga na nazi kutoka Mbwera kwenda Nyamisati. Aliyenifundisha ni Shaweji. Ni rika langu, tumetahiriwa msimu mmoja, lakini majini alinitangulia. Yeye alikaa tezini, nyuma, na mashine, mimi nikasimama omoni na pondo, ule mti mrefu wa kupimia kina na kusukumia chombo. Mito yetu ya Delta haina barabara. Jana palikuwa na maji, leo fungu la mchanga, na kisiki kilichoshuka na mto hakimwambii mtu kilipolala.

Sheria ya Shaweji ilikuwa ile ile ya mama, nikashangaa kama walikula njama. Wa omoni anaita, wa tezini anarudisha. "Fungu!" "Fungu!" "Kushoto!" "Kushoto!" Na abiria akiona kitu akaita, wa omoni anakirudisha kwanza, ndipo wa tezini anakipokea. Mashine inanguruma, wewe umempa mwenzako mgongo, uso wake huuoni. Neno likirudi zima unajua limefika zima.

"Bwana Ngwele," aliniambia siku ya kwanza, "usiponirudishia neno, mimi nitajua umeanguka na mamba amekwisha kunawa mikono. Na boti sigeuzi."

"Hata kunitafuta?"

"Nitakutafuta wapi? Tumboni?"

Hivyo nikazoea. Likiitwa jambo ndani ya chombo, mdomo wangu unalirudisha kabla kichwa hakijaamua. Mwenye kuku akisema "Kuku wangu!" nami "Kuku wangu!" Watu wa kwetu hawakuona ajabu. Ndivyo majini kulivyo.

Baadaye ikaja kambi ya wageni, wale wanaolipa kuja kutazama viboko ambao sisi tunalipa kuwakimbia. Walitaka watu wawili wanaoijua mito, tukachukuliwa, Shaweji tezini na mimi omoni. Kiingereza cha kazi tulikipata kidogo kidogo. Bird, hippo, sit down please. Meneja wa kwanza alikuwa Bwana Lyimo, Mchaga wa Moshi, mtu mwema, lakini ukimpandisha chomboni alishika ubao mikono miwili kama analizuia boti lisiruke.

Siku moja wakaja wageni Wafaransa, mume na mke, na mwongozaji wao ana homa, kabaki Kibiti. Bwana Lyimo akasema tuwapeleke hivyo hivyo, viboko hawahitaji mkalimani. Tukaingia mtoni. Yule mume akaanza kusema. Alikuwa mtu wa kuelekeza, wapo watu wa hivyo, hata nyumbani kwako atakuonyesha mlango ulipo. Akasema "Doucement!", yaani polepole, na mimi, kwa sauti ya kumfikia Shaweji, "Dusima!" Akasema "À gauche!", yaani kushoto, nami "Agoshi!" Akanitazama. Akasema neno lingine, nikalirudisha. Mkewe akaanza kucheka kwenye kofia. Yule bwana akawa mwekundu, akasimama, akasema kwa ukali "Mais il se moque de moi!"

Lilikuwa refu, lakini nimelelewa dunguni. Nikajaza kifua nikalirudisha lote: "Mei ismoki demwa!"

Na Shaweji huko tezini, kwa kuwa neno limetoka omoni, akalipokea: "Mei ismoki demwa!"

Jioni niliitwa ofisini.

"Ngwele, mgeni anasema umemwigiza njia nzima. Wewe na mwenzako."

"Sikumwigiza, meneja. Nilimwitikia."

"Kuitikia ni kusema ndiyo."

"Hiyo ni huko Moshi, meneja. Majini ni kurudisha neno."

"Mgeni hayupo majini, yupo likizo!" Akajifuta uso. Hakuwa mtu wa kufoka. "Sikiliza. Hawa Wafaransa wataanza kuja wengi, wanavuka kutoka Mafia. Omoni namweka mtu mwingine. Wewe utasaidia jikoni. Ukiweza kusema nao kwa lugha yao wakakuelewa, na wasione unawacheka, utarudi omoni. Usipoweza, sufuria zipo."

Nikakaa na sufuria. Sitawadanganya, jikoni kuna kivuli na kuna ukoko. Lakini kila asubuhi nikilisikia boti likitoka na mtu mwingine amesimama mahali pangu, na Shaweji anarudisha maneno ya mtu mwingine, niliacha kusugua mpaka mashine isisikike tena. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani hata uende mbele na nyuma utaishia katikati ya chombo. Mimi hata ngamani sikuwapo. Nilikuwa nchi kavu nasugua masizi.

Sasa Kifaransa mtu wa Delta anakipata wapi? Nikauliza Kibiti, sokoni, kwa madereva, kwa vijana wa bodaboda. Kijana mmoja akaniambia, "Mzee, yule fundi cherehani wa nyuma ya stendi, Mkongomani, akijichoma sindano hutukana Kifaransa." Nikamwambia nipeleke.

Aliitwa Fundi Ilunga. Alishona sare za shule na makoti, mtu mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata akiwa anafagia. Nikamweleza shida yangu, nikamwambia nitamletea kamba wabichi kila nikija. Akasema kamba ataona baadaye, kwanza nimwambie lile neno refu lililonifukuzisha. Nikalisema kama nilivyolisikia, maana nililitunza. Pini zote alizobana mdomoni zilimwagika. Alicheka hadi akashika cherehani.

"Papa Ngwele, ule mutu alisema 'huyu ananicheka.' Na weye ukamurudishia 'huyu ananicheka.'"

"Na Shaweji pia."

"Na Shaweji pia!" Akacheka upya. Halafu akaokota pini moja moja, akawa mtu mwingine, mwalimu. "Lakini sikia, papa. Umeisema karibu sawasawa, na haukujua hata neno moja. Ile namna ya kurudisha, usiiache. Ndiyo masomo yenyewe. Tutaosha tu matamshi."

Hivyo ndivyo nilivyopata somo. Siku za mapumziko nilivuka hadi Nyamisati na ndoo yangu ya kamba na barafu, nikapanda gari hadi Kibiti, nikakaa kwenye kigoda chake huku cherehani inakwenda. Alisema mstari mmoja, nikaurudisha. Akasema tena, nikaurudisha. Wateja walisimama kusikiliza. Mama mmoja aliyeleta kitenge aliuliza kama mimi ni mgonjwa ninayeombewa.

Niwape na yale yenye faida, maana najua kuna mnaohangaika nayo hata leo.

La kwanza ni midomo. Wana u mbili. Moja ni kama yetu, hiyo haina maneno. Ya pili imeniliza. Siku nyingi nilisema "paletuvie," yaani mkoko, na fundi anatikisa kichwa. Mwisho akasema, "Papa, bana pini kwa midomo, namna mimi ninabana. Sasa sema i." Nikabana pini, midomo ikajikusanya kama ya mtu anayepuliza moto, nikasema i, ikatoka ile u yao. Nikaelewa kwa nini fundi nguo anaisema bila taabu, siku nzima mdomo wake uko tayari. Mimi pini niliogopa kumeza, nikatumia mswaki wa mti. Jikoni wakaniona nasugua sufuria na mswaki mdomoni nasema "iii." Mpishi akamwambia Bwana Lyimo kwamba Ngwele ameanza.

La pili ni r. Sisi Wandengereko r na l ni ndugu, kila mmoja analala kitandani kwa mwenzake. Lakini r ya Kifaransa haipo kwenye ulimi kabisa, iko kooni. Fundi alihangaika, akaniambia nisukutue maji. Nikasukutua, nikalowa. Mpaka siku moja alipoisema taratibu nikamkatiza: "Fundi, hiyo mbona ni ghaini?" Ghaini ya chuoni, jamani. Ile ya ghafla na ghali, ambayo maalimu alinitandika mpaka ikakaa. Nikasema "merci" kwa ghaini, fundi akasimamisha cherehani. Fimbo zile nililia nazo, sikujua ni za akiba.

La tatu ni mwisho wa maneno. Maneno yetu yote yanaishia mlango wazi, na mtu wa kwetu akipewa neno lililofungwa atalifungua tu. Fundi alinishika hapo sana. "Hapana 'bonjuru,' papa. Mutu ya pwani hawezi acha nyumba bila dirisha!" Na zile sauti za puani, usiseme ng' mwishoni. Sema kama una mafua na umekatizwa kabla hujamaliza.

Herufi ndizo zilinipa kazi kuliko yote. Sisi tunaandika kinachosemwa. Wao wanaandika kinachosemwa, na kilichokuwa kikisemwa zamani, na jamaa zake. Ndege wanaandika oiseau, wanatamka "wazo." Nikauliza, hapo herufi gani inasikika kwa jina lake? Fundi akahesabu, akasema hakuna. Maji ni eau, herufi tatu, sauti moja, "o." Hizi nyingine nikaziita abiria wa bure.

Fundi hakupenda. Akatoa koti alilokuwa anashona, akalipindua. "Hii ni nini?"

"Bitana."

"Inaonekana mutu akivaa?"

"Haionekani."

"Nikiitoa?"

"Koti litakaa vibaya."

"Basi. Na upepo ukipiga, koti ikafunguka, bitana itaonekana. Vilevile ile herufi. Les, hausemi s. Lakini ikifuatwa na amis, marafiki, s inatoka, lezami. Kama haukuishona mwanzo, upepo ukipiga utaonekana tumbo."

Toka siku hiyo sikuziita tena abiria wa bure. Nikazishona.

Kuandika nilijifunzia topeni. Nilianza kuomba niende na boti la mizigo, kubeba kuni na maji ya kunywa, na maji yakipwa boti hukaa juu ya tope mpaka yajae tena. Wengine walilala. Mimi niliteremka na pondo, nikaandika kwenye tope lililolainika, herufi kubwa kama mtu: les palétuviers, les oiseaux, l'eau. Maji yakirudi yanafuta, kesho unaanza upya, na hakuna wa kukucheka ukikosea. Kaa walipita juu ya maandishi wakatia vitone na vikwaruzo juu ya herufi, nikaona huenda hata Wafaransa zile alama zao walizipata hivyo.

Bwana Lyimo akaniona. Akaniletea rangi na mbao, niandike majina ya kuweka njiani kambini. Niliandika vizuri, isipokuwa ubao wa kiboko. Rangi ilikuwa inaisha, na lile neno, hippopotame, lina p mbili zimefuatana, nikaona ya pili haiongezi kitu. Nitarudi hapo.

Kikaja kipindi cha Madamu Odili. Huyu alikuwa bibi wa Kifaransa, mtu mzima, mkavu kama fito, anakuja peke yake kutazama ndege, na darubini haimtoki shingoni. Hakupenda kusemeshwa. Bwana Lyimo akaniita. "Ngwele, huyu ndiye mtihani wako. Akirudi amefurahi, omo ni yako. Akirudi analalamika, usinilaumu."

Usiku huo, mbele ya nyumba, nilirudia sentensi moja aliyonipa fundi Ilunga. Alisema hii isemwe kabla ya yote, kabla hata ya kung'oa nanga. Asubuhi Madamu akapanda, akakaa katikati. Shaweji tezini, hajawasha. Nikageuka, nikavua kofia, nikasema: "Madame, chez nous, sur l'eau, on répète." Yaani, kwetu, majini, tunarudia.

Akanitazama miguu hadi kichwa. Nikasema moyoni, sufuria zile, nakuja.

Shaweji akawasha. Tukaenda. Tulipoingia kijito cha kwanza, mdiria, yule ndege mla samaki, akapita, bluu, akatua kwenye mzizi wa mkoko. Madamu akanyoosha kidole, akasema polepole, "Martin-pêcheur."

Nikarudisha, "Martin-pêcheur!" na Shaweji nyuma yangu akatoa kitu kinachofanana.

Akasema, "Encore."

Nilijua maana yake ni tena. Nikasema tena. "Encore." Nikasema tena. Mdiria akaruka zake, akaenda, sisi bado tunalisema jina lake. Mikoko, tena. Kiboko, tena. Nililowa jasho kuliko siku ya kubeba magunia. Lakini nilipotupa jicho nilimwona anatabasamu ndani ya darubini. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amepata kazi.

Tuliporudi akasimama mbele ya ubao wangu wa kiboko. Akaniambia, na haya niliyaelewa yote, kwamba kiboko ni mnyama mzito na p moja haiwezi kumbeba. Kisha akamwambia meneja kwa Kiingereza, "Huyu anazungumza kama fundi nguo wa Kongo mwenye pini mdomoni. Amejifunza wapi?"

Bwana Lyimo akanigeukia. Mimi nilijua, lakini nilikuwa ninacheka.

Nikarudi omoni.

Miaka iliyofuata sitaieleza yote, ilifanana, na kufanana kwake ndiyo raha yake. Kila mgeni nilimwambia ile sentensi kwanza. Wengine walicheka, wengine wakaanza kuniitia maneno magumu makusudi, watoto wao hasa. Kifaransa changu hakikuwa kizuri, msije mkasikia hadithi. Madamu Odili alikuja kila mwaka kwa miaka mingi, na kila mwaka alinikuta na makosa yale yale yamenenepa, akasema encore. Fundi Ilunga yupo Kibiti mpaka leo, nikipita namsalimu. Yeye macho ndiyo yamemchoka, mimi masikio. Kila mtu mashine yake imemla pale ilipomshika.

Naam, masikio. Ndiko nilikokuwa naelekea.

Rukia alikuja kambini akiwa na cheti cha utalii, binti wa Dimani, mwenye maneno mengi ya mjini. Siku ya kwanza alininong'oneza, "Babu, mbona unamrudia mgeni kila kitu? Si tutaonekana washamba?" Nikamweleza dungu, nikamweleza pini. Alikuwa na simu inayotamka Kifaransa, na inatamka vizuri kuliko mimi, siwezi kukataa. Akawa anaitegea sikio, anairudisha, ananiuliza. Alishika upesi. Ile u aliipata siku moja, bila pini wala mswaki, nikaona wivu kidogo.

Wakati yeye anapata, mimi napoteza. Mashine miaka yote ile iko nyuma yangu. Sauti nyembamba ndizo zilitangulia kuondoka, ndege wadogo, kisha s, kisha mwisho wa maneno. Nilijifariji kwamba sasa nimekuwa Mfaransa kamili, silabi za mwisho zote kwangu hazisemwi. Mke wangu akawa ananiita naitika "haya." Nyumbani haya inatosha. Chomboni haitoshi. Rukia alinishika bega siku moja: "Babu, nakuita hujibu." Nikamwambia nilikuwa nawaza. Lakini nilikuwa najua, kama wa omoni hasikii, chombo hakina macho upande wa mbele. Nilikuwa nasubiri siku, sikujua ni ipi.

Ikaja. Tulikuwa na wageni Wafaransa, maji yanakupwa, kijito chembamba upande wa Mbwera. Kuna watu walikuwa wamesimika wando, ule mtego wa samaki wa fito zilizochongwa ncha na kusimamishwa majini, na bado maji yalikuwa yamezifunika. Mimi nilitazama kushoto, kwenye mkondo. Mgeni mmoja aliyekaa kulia akaziona chini ya maji, akaita. Baadaye nikaambiwa aliita "Des piquets! À droite!" yaani fito, upande wa kulia.

Mimi sikusikia hata pumzi yake.

Kilichofika masikioni mwangu ni sauti ya Rukia kutoka katikati ya boti, kubwa, kavu, imekamilika na ghaini yake: "Des piquets! À droite!" Na nyuma, Shaweji, ambaye hakuwahi kutaka kujua Kifaransa lakini miaka yote amekipokea, akarudisha "Depike aduruwati!" na mkono wake ukazima mashine. Boti likateleza. Fito moja ilitukwangua ubavuni krrr, hilo nililisikia, au niliisikia miguuni. Basi. Wageni wakapiga picha. Hawakujua kitu, na heri hawakujua, maana walikuwa na mtoto amekaa kwenye ukingo ule wa kulia.

Tulipofika bandarini kwetu wageni wakashuka. Shaweji akaja mbele, akajishughulisha na kamba isiyohitaji kushughulikiwa.

"Bwana Ngwele. Neno halikurudi."

"Limerudi, mbona. Umezima mashine."

"Limerudi. Halikutoka omoni."

Shaweji hakulisema kwa ubaya. Ndiyo sheria, yeye ndiye aliyenifundisha, angenificha ningemdharau.

Rukia alikuwa anafunga maboya. Nikamwita, nikampa pondo.

"Nikushikie, babu?"

"Shika tu."

Akalishika. Ni zito kuliko linavyoonekana, nikamwona anatafuta katikati yake, akaipata. Nikanawa miguu, nikavaa kandambili, nikachukua kofia. Sikuingia ofisini. Njia ya kwetu inapita ukingo wa mashamba ya mpunga, mpunga ulikuwa umeanza kuchanua na kwelea wamekwisha kupata habari. Nikaifuata.

Nilipofika kwenye dungu la kwanza Shaweji akaanza kuita. "Bwana Ngwele!" Kisha Rukia, "Babu! Babu Ngwele!" Nikaendelea. Halafu Shaweji, mzee mzima, aliyekuwa akisema Kifaransa ni cha mimi na Madamu wangu, akajaza kifua akaita lile neno la Madamu la kutaka tena, alilolisikia katika boti lake miaka yote:

"Ankoo!"

Nililisikia vizuri kabisa, mwanzo mpaka mwisho. Sikulirudisha, na mwenyewe sikurudi.